Njia ya Mama Kando ya Ukuta

…kwa sababu mfereji ni mfereji tu, hauna ugomvi na mtu, alikuwa akijiambia Bi Rula, chali juu ya mkeka wake wa mpira, viganja vikitazama dari kama alivyoagizwa, kina chake ni cha goti, kazi yake ni kushika maji ya mvua yanayoporomoka kutoka paani na kuyanywesha udongo taratibu badala ya kuyaacha yakimbilie barabarani na rutuba yote, na darasa zima limeliona hilo, limelikubali, limelipigia makofi, isipokuwa mtu mmoja, naye si mwingine ni mama yake mzazi, ambaye asubuhi hii hii, chai haijapoa vikombeni, alisimama kwenye mlango wa nyuma akatangaza kwamba kamba yake ya kuanikia nguo isiguswe, tangi lake la maji lisisogezwe, na huo mtaro wenu kachimbeni kwenu, kachimbeni kwenu, jamani, kana kwamba Bi Rula ana kwao kwingine… "Legezeni taya," alisema Mwalimu wa Pumzi kutoka mbele ya ukumbi, kwa ile sauti ya kubembelezea mtoto, "ulimi nao ulale, hauna kazi sasa," na Bi Rula akaulaza ulimi, akashangaa ulivyokuwa umekaza tayari kwa kujibu, maana majibu alikuwa nayo tele, aliyapanga njia nzima, Mama, hutaki kufika bafuni kwa njia fupi, alimwuliza pale mlangoni, na mama akasema nani kakuambia nina haraka, na hapo ndipo lilipomtoka lile neno, tatizo lako Mama unaogopa kila kitu kipya, na mama, ambaye ana jibu la kila mtu, mama aliyewahi kumnyamazisha hata askari wa mapato, safari hii alishika fremu ya mlango, akageuka, akarudi ndani… wazo likija lisalimieni, liacheni lipite, basi habari yako wazo, pita, pita nenda zako… kulia kwake Dereva, mzee aliyeendesha malori mpaka akastaafu, alishaanza kukoroma, kila siku ni hivyo, na akiamshwa husema hakulala, alikuwa anatafakari kwa sauti, na ukumbi mzima ulinukia mbao, kwa sababu kabla ya kuwa mahali pa yoga ulikuwa ghala la mbao, na mpaka leo ukifagia kona unapata unga wa msumeno… mkao wenyewe huu unaitwa mkao wa maiti, siku alipomweleza mama yake mama alicheka akashika mbavu, unatoka nyumbani alfajiri kwenda kufundishwa kulala kama maiti, mwanangu, si ungesubiri tu, hilo somo halimpiti mtu, na wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka chai ikawapalia, maana wakati ule, kabla ya mchoro, walikuwa bado wanacheka pamoja.

Yeye alikuja kwa ajili ya udongo, pumzi anaivumilia tu, ndivyo kozi ilivyo, asubuhi Mwalimu wa Pumzi anawanyoosha viungo na kuwatuliza vichwa, kisha mumewe, Mwalimu wa Udongo, anawachukua nje kuwafundisha pamakalcha, yaani kupanga shamba, au hata ua mdogo wa nyumba, lijiendeshe kama msitu unavyojiendesha, kila kitu kikae jirani na kinachokihitaji, kinachotembelewa kila siku kikae karibu na mlango, kisichotembelewa kikae mbali, na Bi Rula aliposikia hayo moyo ulimruka, kwa sababu miaka yote aliyokuwa karani wa stoo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuweka karibu kinachotoka kila siku, kuweka juu kisichotoka, mpaka kampuni ilipofunga tawi akakabidhi funguo, akarudi kwa mama yake na sanduku moja, mtu mzima na mvi zake, akalala chumba kile kile cha utotoni, na wenzake darasani siku ya kwanza ya kuchora walikuwa wanachora kwa mkono, milima na vijua vyenye miale, yeye akatoa rula na penseli tatu zilizochongwa, jina likamganda hapo hapo, Bi Rula, na hakulichukia hata kidogo… "Sikieni uzito wa mgongo," alisema Mwalimu wa Pumzi, "sakafu inawabeba, muiachie kazi hiyo," na hapo nje, Bi Rula alijua bila kuchungulia, majembe na sepeto zilikuwa zimeshapakiwa nyuma ya pikapu, kwa kuwa mchoro wake ndio ulioteuliwa kati ya michoro yote, kengele ikilia hapa darasa zima linaelekea kwao kuchimba, leo, sio kesho, na tangu siku ile ya funguo hiki ndicho kitu cha kwanza alichokifanya kwa mikono yake kikasifiwa, hiki kimoja tu, na mama anataka kumtilia kitumbua mchanga kwa sababu ya kamba ya nguo.

Na si kwamba alikurupuka, hakukurupuka, alifuata mafundisho hatua kwa hatua, Mwalimu wa Udongo alisema kabla hujashika jembe kaa utazame, tazama maji yanapita wapi, tazama upepo, tazama na watu, watu wana njia zao na miguu haidanganyi, hivyo Bi Rula akachukua majivu ya jikoni, akayachekecha, akayanyunyiza uani kote kila asubuhi ili aone nani anakanyaga wapi, na mama akatoka, akasikia majivu chini ya nyayo, akaweka mikono kichwani, Mola wangu, binti yangu kawa mchawi, tena mchawi wa mchana kweupe, wenzake angalau wanaona haya, wakacheka tena… akasikia majivu, ndiyo, aliyasikia kwanza, alishakanyaga ndipo akasema… na nyayo zikajichora zenyewe, zake Bi Rula zikikatiza huku na huku popote panapomfaa, za mama mstari mmoja, wayo juu ya wayo, asubuhi baada ya asubuhi, kutoka mlango wa nyuma anafuata ukuta, anafuata ukuta mpaka kwenye tangi, kutoka kwenye tangi mpaka nguzo ya kamba, anaifuata kamba mpaka mwisho wake, ndipo anaingia bafuni, pande tatu za uwanja kufika mahali ambapo angekata katikati na kufika mara moja, na katikati ya uwanja hapakuwa na wayo wa mama hata mmoja, majivu yamelala vile vile, Bi Rula akauchora mstari ule kwa penseli nyekundu na pembeni yake akaandika, kwa mwandiko wake wa stoo, njia ndefu bila sababu. Mwalimu wa Udongo akaupenda sana mstari ule mwekundu, akawaonyesha wengine, mnaona, kuna mtu hapa anazunguka bure kila siku ya maisha yake, na mwenzenu amemwonea huruma, ampe njia ya kukatiza, nyoofu, tangi lipande kona ya juu, kamba ihamie upande wenye jua, na pale kando ya ukuta palipoachwa wazi, ambapo maji ya paa yote yanadondokea, papite mfereji, mchoro huu unaokoa miguu ya mzee, alisema, na wakapiga makofi, Dereva akapiga mluzi kabisa… jioni akampelekea mama ule mchoro, mama akaupokea, akapitisha kiganja juu ya karatasi kama mtu anayepiga pasi, akasema mzuri, mwanangu, mzuri sana, una mkono wako, lakini kamba yangu mniachie, na Bi Rula akanuna, akajisemea hakuutazama hata, hata kuutazama.

…hakuutazama… "Sasa rudisheni akili kwenye miguu," alisema Mwalimu wa Pumzi, "ile miguu iliyowatembeza asubuhi, ishukuruni," na ni kweli iliwatembeza, kabla ya kulala hivi walifungwa vitambaa machoni, wakaambiwa watembee ukumbini peku, polepole, bila kuongea, walisikie lile jambo dogo la kuinua mguu na kuutua, na Bi Rula, ambaye alidhani ni mchezo wa watoto, alisimama katikati ya sakafu ile akashindwa, alishindwa kuinua mguu, ukumbi aliouzoea ukawa mkubwa ghafla, hauna mwisho, kila upande shimo, mpaka miguu yenyewe, wala hakuituma, ikamvuta upande mmoja mpaka mkono ukakuta ukuta, na hapo pumzi ikamrudi, akaufuata, ukuta, kingo ya dirisha, nguzo, benchi, kutoka kitu kimoja kwenda kingine, asithubutu kuachia kimoja kabla hajakifikia cha pili, na akagundua anaugusa ukuta kwa mgongo wa vidole, si kwa kiganja, kwa mgongo wa vidole, hivi, juu juu, na akajiuliza hii nimeitoa wapi, mbona naijua hii, ni nani huwa… na kengele ndogo ikalia wakavua vitambaa, Dereva akajikuta amemkumbatia Mwalimu wa Udongo, watu wakacheka, na yeye akacheka, swali likampita… halikumpita, lilikaa tu likimsubiri alale chali, ni Mama, ni Mama anayegusa hivyo, ukuta wa nyuma, kwa mgongo wa vidole, kama anayepima nguo kama imekauka, na siku zote Bi Rula alidhani anapima unyevu wa ukuta, akamwambia hata, Mama, huo ukuta hauvuji, na Mama akasema najua, nausalimia tu… hapana, alijiambia Bi Rula, hapana, sasa unajitungia, kozi imekupanda kichwani, mama yako mzima kabisa, anapika, anafua, anamimina chai wala haimwagiki tone, haimwagiki kwa sababu kidole chake kinaning'inia ndani ya kikombe, kidole cha shahada, na chai ikikigusa anaacha kumimina, na wewe ulimkemea, Mama, uchafu gani huo, mbele ya mgeni, akakitoa kidole, akasema uzee huu, akakuachia wewe umimine… na mchele anauchambua kwa vidole uso ukiwa dirishani, mazoea, si mazoea hayo, na cherehani, ile cherehani aliyowasomeshea watoto, asiyeruhusu mtu aiguse, akakupa siku ya pili tu ulipofika, chukua, mimi nimechoka na nguo za watu, na wewe ukaona amekuhurumia kwa kuwa umekosa kazi, ukalia hata… na yule jirani fundi viatu, alikusimamisha njiani, siku hizi mama yako ana maringo, anatupita uso kwa uso hatusalimii mpaka tuanze sisi, na ukamfokea fundi wa watu, ukamwambia mama yangu hana maringo ila ninyi mna midomo, na kumbe, na kumbe mpaka waanze wao, mpaka asikie sauti, ndipo ajue ni nani… na mlangoni, kila ukiingia, nani huyo, mbona waingia kama mwizi, sema hodi watu tujue, kwa kicheko, kila mara kwa kicheko.

Haoni. Mama haoni, au anaona kidogo mno, anaona kivuli na mwanga, na hajamwambia mtu. Neno lenyewe lilipokaa kichwani mwa Bi Rula, Mwalimu wa Pumzi, aliyekuwa anapita katikati yao kwa miguu mitupu, akasema taratibu "pumzi iende yenyewe," lakini haikwenda, ilikwama, kwa sababu mbele ya macho yake yaliyofumbwa mchoro ulikuwa umejitandaza wote, penseli nyekundu na penseli ya bluu, na mahali penye mstari mwekundu, juu yake kabisa, bila kupishana hata upana wa unyayo, amechora mfereji, kina cha goti, ametoa tangi, ametoa nguzo, ametoa kamba, ameondoa kila kitu ambacho mkono wa mama yake unakifikia, na pale anapokanyaga akachimba shimo, na watu wakapiga makofi, na kesho asubuhi, kabla Bi Rula hajaamka, mama angefungua mlango wa nyuma, angenyoosha vidole vyake kuusalimia ukuta, akatia mguu… Mungu wangu, Mungu wangu mwema… na hasira nayo ikampanda, kwa nini hukuniambia, wewe uliyenilea na methali, mficha maradhi kifo humuumbua, ukituimbia tukificha hata mwiba wa mguuni, leo umeficha macho mawili, lakini hasira haikudumu, ikakutana na jibu njiani, kwa sababu Bi Rula anajijua, angeambiwa angefanya nini, angemketisha, angemnunulia kiti kizuri chenye mto, angemwekea pale barazani na kumwambia Mama tulia, usihangaike, angemtolea chai, angemtolea maji ya kuoga, angempangia uwanja wake wote na siku zake zote kwa rula, kwa upendo, kwa upendo mtupu, na mama ambaye hajawahi kukaa bure angekaa bure mpaka afe… kwa hiyo akanyamaza, akajitafutia njia mwenyewe, bila mwalimu, bila kozi, alijifunza ukuta, akajifunza tangi, alijikwaa mara ngapi ndipo akaujua, kile kidonda cha goti alichosema ni kona ya meza, na binti yake alikuwa wapi, alikuwa chumbani anachonga penseli… nakupenda, Mama, aliwaza, na aibu ikamchoma usoni, nakupenda na sikukutazama.

…sasa, haraka, kabla ya kengele, afanyeje, kwa sababu nje pikapu imepakiwa, atainuka aseme nini mbele ya watu wote hawa, aseme mama yangu haoni, hapana, hilo si lake kulitoa, mwenye siri ndiye mwenye kuitoa, na wakijua hawa mtaa mzima utajua, Dereva kifua hana hata kidogo, basi aseme nini, aseme mchoro una kosa, na Mwalimu wa Udongo atauliza kosa gani, tumepima pamoja, na… na atasema amekosea vipimo, ndiyo, atasema alishika mteremko kinyume, maji yangerudi kwenye msingi wa nyumba, ni uzembe wake, anaomba radhi, na watamtazama kwa mshangao, wewe Bi Rula, wewe, ukosee vipimo, na Dereva atapiga ule mluzi wake, na ile sifa yake moja itayeyuka hapo hapo kwenye sakafu ya ghala la mbao, alijaribu kuona kama inamuuma, ikamuuma kweli, akakubali inamuuma, na bado atasema. Halafu wakafanye nini huko nyumbani, maana watu hawawezi kurudishwa na majembe yao, basi mfereji ushuke chini, karibu na uzio wa barabara, ambapo Mama hafiki, maji ya paa yafuate bomba mpaka kule, na kando ya ukuta wasichimbe kitu, waondoe mawe tu, wapasawazishe, waikaze kamba ile iliyolegea, na pembeni mwa tangi apande mchaichai, mlangoni pa bafu mnanaa, ili mahali pajitangaze penyewe kwa harufu, na Mama akiuliza mbona mmeniachia kamba yangu atamwambia tulishindwa hoja, Mama, ulisema isiguswe, na mama ataringa siku nzima… lakini macho, macho yenyewe je, huwezi kupanda mchaichai ukajidai umetibu, labda bado kuna kitu cha kuokoa, labda ni ule ukungu wa macho wanaoutoa madaktari, watu wakaona tena, atampelekaje, akimwambia twende ukapimwe atasema mimi nina nini, mimi mzima, kapime akili yako inayolala kama maiti… na hapo ndipo lilipomjia, asimpeleke, aombe apelekwe, Mama, atasema, nisindikize kwa daktari wa macho, herufi zinanichezea siku hizi, naogopa kwenda peke yangu, na Mama hajawahi kumwacha mtoto anayeogopa, atatafuta mtandio wake, atasema twende basi, jitu zima na woga wako, watashikana mikono njiani na hakuna atakayeuliza nani anamshika nani, watakaa benchi moja, na daktari akisema aanze nani Bi Rula atasema aanze Mama, nione kwanza anafanywa nini… "Bado," alisema Mwalimu wa Pumzi, "msifumbue macho, bado kidogo," na hakuyafumbua, alilala pale pale viganja vikitazama dari, machozi yakimtelemkia masikioni, Dereva akitafakari kwa sauti ubavuni mwake, akayarudia yale maneno yake ili ayazoee, naogopa kwenda peke yangu, Mama, naogopa, na kadiri alivyoyarudia ndivyo alivyoona kwamba hayo hayana haja ya kuzoewa, kwa sababu anaogopa kweli, anaogopa sana, na anamtaka mama yake.